Walinzi wa Sylvain

Jafari, mdogo wangu, aliniomba kijiko ili ale lituma. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo. Lituma ni ndizi ya kupondwa. Unaimega kwa vidole, unaichovya kwenye mchuzi wa samaki, unameza, na mtoto wa mama yangu, Mngwana aliyezaliwa Kisangani, hajawahi kuila kwa chuma tangu aote meno. Tena alivaa shati la mikono mirefu, amefunga vifungo mpaka viganjani, na jua la siku ile lilikuwa la kupasua vichwa. Mimi nina malewa karibu na soko la Tshopo, mabenchi manne chini ya turubai, na wateja wangu husema chakula cha Mama Zaina ni kitamu ila pilipili yote iko mdomoni mwake. Sikatai.

Nikampa kijiko. Kisha nikaushika mkono wake wa kulia, nikaukaza. Akaruka. Nikampandisha shati palepale mbele ya watu wanaokula, sikuona haya hata kidogo, kwa sababu huyu nilimbeba mgongoni kabla hajajua jina lake. Nikakuta kitambaa, na chini ya kitambaa chanjo tatu za wembe, bado mbichi, zimepakwa chumvi.

"Umechanjiana na nani?" nilimuuliza, ingawa jibu nililijua.

"Na Sylvain, yaya," akasema, maana mimi ni dada yake mkubwa. "Jana, kule Yanonge."

Kuchanjiana ni jambo la wazee wetu Wangwana. Walipofika huku na misafara ya pembe za ndovu hawakuwa na ndugu mtoni, basi wakajitengenezea. Mnakatana mikono, mnasugua jeraha kwa jeraha, mnalamba chumvi, mnaapa, na tangu siku hiyo adui wa huyu ni adui wa yule. Babu wa baba yetu alichanjiana hivyo na mzee mmoja Mlokele wa Yanonge, na Sylvain ni kitukuu wa mzee yule. Undugu ule haujafa. Samaki wa kukausha wa Sylvain hufika kwangu kabla hajamuuzia mtu mwingine, na kwao kukitokea msiba mimi nalala kwenye mkeka pamoja na wanawake wa ukoo. Lakini wembe tuliwaachia wazee. Katika kizazi chetu hakuna aliyechanjwa, imamu alishakataza, nasi tukasema amina bila ubishi kwa sababu undugu tulikuwa nao tayari.

Sasa, ili uelewe kwa nini niliacha wateja nikaketi kwenye gunia la makaa, lazima nikuambie jambo moja. Jafari anaishi na virusi vya SIDA, yaani UKIMWI. Ni miaka sasa. Anameza vidonge vyake kila jioni, anashona kanzu na kofia za watu, amenenepa mpaka kanzu zake mwenyewe amezitoa mshono kuzipanua. Mimi ndiye ninayemfuatilia, na ninamfuatilia kwelikweli, muulize.

Sylvain yeye hana. Mwenye virusi ni mke wake, Colette. Walivigundua alipokuwa na mimba ya binti yao wa mwisho, Exaucée. Mtoto alizaliwa mzima. Sylvain akapimwa, mzima. Akapimwa tena mwaka uliofuata na uliofuata, mzima tu, na hawajawahi kutenganisha kitanda. Colette anakuja kuchukua dawa zake huku mjini ili majirani wa Yanonge wasimchunguze, na yuko kikundi kimoja cha wagonjwa na Jafari. Sylvain humsindikiza. Basi jambo la yeye kutopata ugonjwa amelifanya kuwa cheo. Husimama kikundini, mrefu kama nguzo ya umeme, anajipiga kifua, anasema damu yake ni ya chuma, virusi vikimwona vinakimbia. Watu hucheka. Colette naye hucheka, huku anaangalia chini.

Nikamwambia Jafari anieleze yote, asifiche nukta, mficha maradhi kifo humuumbua. Akaanza kunieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kutamani kumpiga na mwiko. Alisema kwamba kikao kilichopita Benoît, muganga wa kituo cha afya, aliwafundisha kuhusu protini za asili. Ndani ya miili ya watu mna walinzi, mtu anazaliwa nao, kazi yao ni kupigana na virusi vya aina hii. Wengine walisinzia, yeye alisikiliza. Akamtazama Sylvain amekaa pale na kifua chake, akajumlisha moja na moja akapata kumi: kama kuna mtu duniani mwenye walinzi wakali, ni huyu. Na wazee walituachia njia ya kuchukua nguvu za ndugu na kuziingiza mwilini mwako. Kwa nini basi ameze vidonge mpaka kaburini? Akaenda Yanonge kwa siri, akamwomba ndugu yake damu. Sylvain hajui kunyima. Tena aliombwa kwa sababu ya ile damu ya chuma, basi alifurahi kama aliyepewa uchifu.

"Na vidonge?" nikauliza.

Akachokoa lituma kwa kijiko. Nikauliza tena. Akasema aliviacha tangu mwezi uandame, ili asichanganye dawa mbili. Hilo nalo si la kuokota njiani, ni bibi yetu aliyetufundisha: ukinywa dawa ya mti, usinywe ya hospitali, zitagombana tumboni. Jafari aliogopa vidonge vitawaua wale walinzi wageni kabla hawajazoea. Kwa hiyo akasafisha damu kwanza, ndivyo alivyosema, akasafisha.

Nikawaza. Mimi sikusoma sana, lakini kugawa chakula najua, sahani ikienda huku nyingine inarudi.

"Jafari, damu ya Sylvain iliingia kwako. Ya kwako iliingia wapi?"

Nakuambia, nilimwona mdogo wangu akibadilika rangi. Alikuwa amefikiria kupokea tu. Wembe, chumvi, kiapo, kusugua mkono kwa mkono, yote aliyapanga, na hakufikiria hata mara moja kwamba mwenzake naye alikuwa na jeraha lililo wazi. Alisukuma sahani mbele, akafunika uso wake. Nikawaambia wateja wajipakulie wenyewe, Mungu anawaona, nikamvuta Jafari mpaka barabarani, tukapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka kituoni.

Benoît ni kijana mpole, anaongea taratibu, mtu wa kukuchosha kama una haraka. Alimsikiliza Jafari mpaka mwisho. Kisha akavua miwani, akasema Jafari hakusikia uongo, alisikia nusu.

Ni kweli, alisema, kila seli ya mwili ina walinzi, protini ambazo seli inajipikia yenyewe. Yuko anayesubiri virusi vikiingia vimevaa ganda lao, anaving'ang'ania, ganda linabomoka kabla ya wakati. Yuko mwingine anayesubiri ndani zaidi. Virusi vya jamaa hii lazima viandike upya maandishi yao ndani ya seli ndipo vikae, basi yeye anaingia kwenye maandishi yale na kuyavuruga, herufi hii anaigeuza kuwa ile, mpaka kinachotoka hakisomeki. Na yuko anayekamata virusi vichanga wakati vinataka kutoka, anavifunga kwenye ukuta wa seli visiende kwa jirani. Mama zetu wamechuna kima na sokwe tangu zamani, wamejikata visu, damu ya mnyama imeingia kwenye damu yao, na virusi vingi vya wanyama wale havikupata pa kukaa. Walinzi hawa ni sababu mojawapo.

Nikamuuliza, basi kwa hii SIDA wamelala? Akasema hawajalala, wamezoewa. Virusi hivi vimekuja na ufundi wao. Yule wa kuvuruga maandishi, vina kitu cha kumkamata na kumpeleka jalalani. Yule wa kufunga mlangoni, vina kitu cha kumwondoa pale. Na yule wa ganda, wa binadamu ni mlegevu kwa virusi hivi, ingawa kuna nyani wa Asia ambaye wake anavibomoa bila shida. Walinzi hao anao Jafari, anao Sylvain, ninao mimi, anao hata muuza bata aliyekuwa anapiga kelele nje ya dirisha. Wataalamu wanatafuta namna ya kuwapa nguvu, bado hawajafika. Lakini hawaazimwi. Hawatembei kwenye damu wakitafuta nyumba ya kuhamia. Wanapikwa ndani ya seli na kazi yao wanaifanyia mle mle. Seli za mtu mwingine zikikuingia kwenye jeraha, mwili wako unaziona wageni, unazimaliza.

"Donc basi sikupata kitu," Jafari akasema.

"Ulichopokea hakina kazi," Benoît akasema. "Ulichotoa njo kiko na kazi."

Akauliza walichanjiana lini. Alipoambiwa ni jana mchana, akavaa miwani yake. Akatueleza kwamba ziko dawa, karibu ni zilezile za Jafari, ambazo mtu aliyeingiliwa na damu ya namna ile anazimeza mwezi mzima, na akizianza mapema virusi huenda visipate nafasi ya kukaa. Lakini lazima zianze ndani ya siku tatu, na leo ni bora kuliko kesho. Siku tatu zikipita, alisema, hata akimpa debe zima ni kazi bure. Kwa vile Jafari aliacha dawa, virusi vimejaa tena kwenye damu yake, kwa hiyo tusijidanganye. Sylvain aletwe.

Nikamuuliza jambo lililokuwa linanikwaruza. Kama walinzi wa Sylvain ni kama wa muuza bata, mbona Colette hajamwambukiza miaka yote hii? Benoît akapanga kalamu zake mezani, moja, nyingine. Akasema yeye haongei habari za mgonjwa ambaye hayuko chumbani, nimuulize anayejua. Nilikasirika. Sasa najua alikuwa na haki, lakini pale nilimwambia miwani ile ni ya mapambo.

Nilimpigia Sylvain tukiwa bado mlangoni. Alicheka sana. Aliniambia, yaya, acha kuhangaika, ile kitu inaniogopa mimi. Nilipomwambia kuhusu dawa, hakucheka tena. Alisema kumeza dawa ya kuua damu ya Jafari ni kuvunja kiapo, na kiapo cha damu kikivunjwa kinaua haraka kuliko SIDA. Akanisalimia watoto, akakata. Nilipopiga tena, simu haikupatikana. Usiku ule sikupata usingizi, na wala sisemi hivyo ili unihurumie.

Alfajiri tulivuka mto kwa pirogi mpaka Lubunga, tukakodi moto, dereva mbele, Jafari katikati, mimi nyuma na sketi yangu nimeikunja. Barabara ya Yanonge unaijua au huijui, ni mchanga, halafu tope, halafu daraja la magogo ambalo kila mtu anateremka na kuomba Mungu. Kwenye magogo yale Jafari aliniambia anaogopa Sylvain atamtemea mate. Nikamwambia aache ateme, mate hayaambukizi.

Nataka ujue kwamba sikuwa namwonea Jafari huruma. Baadaye, ndiyo. Siku ile nilikuwa namfikiria Sylvain, baba wa watu, aliyetoa mkono wake ukatwe bila kuuliza, kwa sababu ndugu kaomba. Na siku ya pili ilikuwa inaenda.

Tuliwakuta nyuma ya nyumba, kwenye tanuri la kukaushia samaki. Colette alikuwa anageuza samaki kwenye wavu, moshi umemjaa. Sylvain alipotuona alitupokea kwa mikono miwili, akamkumbatia Jafari, akaweka mkono wake kando ya mkono wa Jafari ili tuone zile chanjo, tatu na tatu. Alikuwa na furaha ya mtoto. Ilinichoma moyo. Akaita viti viletwe, akaagiza chai, nikasema chai baadaye.

Nikamweleza kama Benoît alivyotueleza, walinzi, seli, siku tatu, vidonge vya mwezi mmoja. Colette aliacha kugeuza samaki akasikiliza. Kumbe hakuwa anajua kitu. Mumewe alimwambia amejikata akipasua kuni. Sylvain alinisikiliza kwa heshima, kisha akarudia yale ya kwenye simu. Aliapa. Wazee wa pande zote wanamwona. Hawezi kuiita damu ya ndugu yake sumu na kuitafutia dawa. Alisema polepole, na niliona kwamba hapo hakuwa anajivuna, alikuwa anaogopa kweli.

Jafari akasimama. Nilidhani anataka kukimbia.

"Niliacha dawa yangu kabla ya kuja kwako," akasema. "Sikukuambia. Na sikuja kutafuta undugu, Sylvain. Undugu tulizaliwa nao. Nilikuja kuiba walinzi wako. Kile kiapo niliapa na mawazo ya mwizi, donc hakikukufunga. Wazee wanajua."

Sylvain aliziangalia chanjo zake. Akavuta mkono wake, akaufunika na ule mwingine.

"Umeniletea ugonjwa?"

"Sijui," Jafari akasema. "Pengine."

Hakumtemea mate. Aliketi tu, na nikadhani sasa atainuka tuondoke, nikaanza hata kumtafuta dereva kwa macho. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Bwana yule alivuta pumzi, akanyoosha mgongo, na kile kifua kikarudi mahali pake. Akasema kiapo basi kimekwisha, hakuna neno, atamsamehe Jafari akipoa. Lakini dawa ni ya nini? Miaka yote hii amelala na Colette, si mara moja, si mwezi mmoja, na hajapata kitu. Virusi vya Colette vimeshindwa, vya Jafari vitaweza? Benoît anajua vitabu, yeye anajua mwili wake. Na akionekana kituoni anachukua vidonge, Yanonge nzima itasema Sylvain naye anao ugonjwa. Hapana. Akampigia kelele binti yake alete chai.

Niliwaza kumpiga, niliwaza kulia, niliwaza kumpigia imamu na padri wakati mmoja.

Colette akanawa mikono kwenye beseni. Akaingia ndani, akatoka na kichupa chake cha vidonge. Hakuketi. Alisimama kati ya mumewe na tanuri, akafungua kifuniko.

"Sylvain, iko nini ilikulinda?"

"Unajua. Damu yangu."

"Bon. Kama iko damu yako, miye nimechoka kumeza. Nipumzike."

Akakiinamisha kichupa juu ya moto. Vidonge viwili vitatu vikaangukia makaa, vikatoa harufu. Sylvain aliruka kutoka kwenye kiti, kiti kikaanguka nyuma yake, akamkamata mkewe kifundo cha mkono.

"Usimwage!"

"Kwa nini?" Colette akauliza.

Alikuwa amemshika mkono, anahema, na tulisubiri wote, hata Exaucée aliyefika na birika. Mtu mwenye damu ya chuma angesema mwaga tu. Yeye alikuwa anaangalia ndani ya kichupa, vimebaki vingapi.

Colette alimwambia bila kupandisha sauti. Kila mwaka kule kituoni wanapima virusi kwenye damu yake, na kila mwaka wanamwambia ni vichache mpaka mashine haivioni, kwa sababu hajaruka kidonge hata siku moja, hata siku ya kumzika mama yake mzazi. Na mtu aliye hivyo hamwambukizi anayelala naye. Benoît alimweleza tangu mwanzo.

"Mulinzi wako iko miye," akasema.

Nilimuuliza mimi kwa nini alimwacha ajipige kifua mbele za watu miaka yote. Colette akasema kwamba ugonjwa ulipojulikana, mama mkwe wake alitaka arudishwe kwao na mimba yake. Vikao vilikaa. Kisha Sylvain akapimwa akaonekana mzima, akaanza kusema damu yake ni kali, mke wake hawezi kumdhuru, na ukoo ukanyamaza, wakaona fahari. Mwanaume anayejivuna hivyo hafukuzi mke. Basi alimwacha ajivune. Alikuwa anameza vidonge, mumewe anameza sifa, na nyumba inasimama.

Sylvain akaachia mkono wake. Akainama, akaokota kifuniko, akakirudisha kwenye kichupa mwenyewe, akakikaza. Akaniuliza kama moto moja inatosha watu wote. Nikamwambia haitoshi, tafuta ya pili, na uharakishe.

Nitakuambia majibu sasa hivi ili usikae na roho juu: hakupata. Amepimwa, akarudiwa, hana. Kama ni dawa ilimwokoa, au ni bahati, au ni wale walinzi wa kila mtu siku ile waliamka vizuri, Benoît anasema hakuna anayeweza kujua, na mimi namsadiki kwa sababu ndiye muganga pekee ninayemjua anayesema sijui. Jafari amerudi kwenye vidonge vyake. Anavimeza mbele yangu, kwenye malewa, wateja wakiangalia, na akithubutu kunikunjia uso anakosa nyama.

Lakini siku ile, mchana, hatukujua lolote. Tulikuwa tumejaa vumbi, wanne kwenye chumba kidogo cha Benoît. Alimtoa Sylvain damu, akampima, akamwekea kidonge cha kwanza kwenye kiganja na kikombe cha maji, akasubiri mpaka kimeshuka. Kisha akamwambia kwamba vingine achague saa moja, ileile kila siku, saa ambayo hataisahau. Sylvain akafikiri. Akamgeukia mkewe, akamuuliza yeye humeza saa ngapi.

"Saa mbili ya mangaribi," Colette akasema. "Wakati unafungua radio. Miye nasimamaka nyuma ya kiti chako."

Sylvain akamwambia Benoît aandike saa mbili.